Funda Lililopungua

Louisville, 12 Oktoba 2014

Dada yangu Goreth,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Adriano hamjambo, na kwamba mgongo wake umepata nafuu. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Ghala letu limeanza kupokea mizigo ya sikukuu, na kuanzia sasa mpaka Januari hakuna atakayeniuliza kama nataka ovataimu au sitaki. Nikirudi nyumbani nakaa kwenye kiti cha jikoni ili nivue viatu, na mara nyingi usingizi unanikuta nimevua kimoja.

Najua simu yangu hupokei. Silalamiki. Ndiyo maana nimempa barua hii Zéphyrin, yule tuliyekua naye kambini, ambaye sasa anaendesha lori. Anapita hapa Louisville kila baada ya wiki mbili tatu, analala kwake Columbus, kisha anaendelea mpaka huko Buffalo. Pamoja na barua nimempa chupa sita.

Ni pombe. Nimeipika mwenyewe. Kazini tuna mzee mmoja Mwingereza, fundi wa ile mikanda inayosafirisha mizigo, na yeye ndiye aliyenifundisha. Kwao wanaiita bita, kwa sababu ya uchungu wake. Ni kimea cha shayiri, maji, hamira, na maua fulani makavu yanayoitwa hopsi, ambayo ndiyo yanayotia uchungu. Rangi yake ni ya chai isiyo na maziwa. Si kali, haina gesi nyingi na haitaki barafu. Inanywewa ikiwa na ubaridi wa maji ya mtungini, polepole, watu wakiongea. Siku ya kwanza kuionja nilimkumbuka mama na impeke yake, ile pombe ya mtama, ingawa ladha zenyewe hazifanani hata kidogo.

Wewe ndiye uliyekuwa ulimi wa mama. Pale kambini Mtabila hakumimina hata kata moja mpaka uonje wewe na useme tayari. Basi nakuomba uonje na hii, unitajie makosa yake bila kunionea huruma. Sina ombi lingine.

Mdogo wako,
Athanasi


Buffalo, 9 Novemba 2014

Athanasi,

Barua imefika, na chupa sita. Adriano anakusalimu. Mgongo wake uko vile vile, na kiwandani wamempa kazi ya kukaa, ambayo anasema inamuumiza kuliko ile ya kusimama. Mimi bado niko kwenye biskuti, saa kumi kwa siku, na harufu ya vanila haitoki nyweleni hata nikiziosha mara mbili.

Nilitaka kumrudishia Zéphyrin boksi lake bila kulifungua. Lakini alikuwa ameendesha siku nzima, nikampikia maharage, na kumtazama akila huku boksi limekaa mlangoni nikaona haya. Chupa nimeziosha na kuzirudisha. Ndani ya boksi utakuta na unga wa muhogo, kwa sababu mama hakuwahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, hata cha mtu aliyemkasirikia.

Sasa pombe yako. Rangi ni nzuri. Povu linakimbia kabla gilasi haijafika mezani. Harufu ya kwanza ni ya siagi iliyoyeyushwa, na siagi hiyo inabaki ulimini mpaka unataka kujifuta. Uchungu unakuja umechelewa, na ukifika hauna la kusema. Chini ya yote kuna ladha ya boksi la karatasi lililolowa mvua. Adriano anasema ni nzuri, lakini Adriano husema hivyo hata kwa dawa ya kikohozi. Nadhani uliitenga na hamira yake mapema mno. Ilikaa siku ngapi?

Tena chupa zako hazijajaa. Zote sita zimepungua kiasi kile kile, kama funda moja. Unapima na nini?

Na jambo moja lazima nilitamke, kwa sababu sipendi kuzungushwa. Ulipompandisha mama basi kuja kwangu ulisema ni miezi miwili, mpaka shifti zako zikae sawa. Alikaa miaka mitatu na zaidi. Akafia mikononi mwangu mwezi wa Januari, na wewe, mtoto wake wa pekee wa kiume, hukuja kumzika. Kwetu matanga hayaondolewi mpaka mtoto wa kiume alete pombe na wafiwa wainywe pamoja naye. Unalijua hilo. Kama chupa hizi ni za matanga, sema. Kama ni pombe tu, nitaionja kama pombe.

Goreth


Louisville, 21 Desemba 2014

Dada Goreth,

Shikamoo. Nimeona kwenye televisheni theluji iliyowaangukia mwezi uliopita, nikamuuliza Zéphyrin kama mko salama, akasema upande wenu wa North Buffalo haukuzikwa sana. Nimefurahi. Unga wa muhogo nilisonga ugali siku ile ile, nikaula na dagaa peke yangu, nikashiba mpaka nikachelewa kazini.

Ni pombe tu, dada.

Uliuliza siku ngapi. Zilikuwa sita. Povu liliposhuka nilijua imeiva, kwa sababu ya mama ilikuwa tayari siku ya nne na hakuna aliyeisubiri ya tano. Mzee Mwingereza alicheka kwa huzuni. Anasema hamira ya bita, povu likishashuka, bado ina kazi ya kufagia uchafu wake yenyewe, na siagi uliyoionja ni huo uchafu. Safari hii niliiacha wiki tatu na sikuigusa. Nilikuwa napita karibu na ndoo nikirudi kazini, nasikiliza, kama mtu anayemsikiliza mtoto mgonjwa akilala. Sasa imo kwenye chupa. Wiki ya kwanza ya Januari itakuwa imetulia, ndipo Zéphyrin ataichukua pamoja na barua hii.

Krismasi nitafanya kazi. Nimeomba mwenyewe.

Athanasi


Buffalo, 25 Januari 2015

Athanasi,

Jumatatu iliyopita mama alitimiza mwaka. Padri alisoma misa, Waburundi wa hapa walikuja wote, na baada ya misa kila mmoja alinishika mkono akauliza lini. Anauliza lini tunaondoa matanga. Nimejibu kwamba tunangoja hali ya hewa. Nimevaa kitambaa cheusi kichwani mwaka mzima, Athanasi. Kiwandani navaa wavu juu yake, na msimamizi aliwahi kuniuliza kama ni dini mpya. Nimechoka nacho, na siwezi kukivua, kwa sababu kinachongojwa hakiko mkononi mwangu.

Chupa zako za pili nilizifungua siku tatu baada ya misa, ili nisizionje kwa hasira. Siagi imekwisha kabisa. Hapo umefanya vizuri. Lakini sasa inakwaruza, kama chai iliyosahaulika kwenye birika na majani yake. Ulimi unakauka pembeni. Najua umefanya nini, maana nimemwona mama akifanya hivyo miaka yote: umeikamua shayiri kwa mikono, halafu ukaimwagia maji yanayochemka ili upate yaliyobaki. Mtama unavumilia. Maganda ya shayiri yanaelekea hayavumilii. Muulize mzee wako.

Ladha ya boksi iko pale pale. Povu halipo. Na chupa zimepungua tena, funda moja kila chupa. Nilikuuliza, hukujibu.

Mama alisema neno kuhusu wewe wiki yake ya mwisho. Sitaliandika hapa.

Goreth


Louisville, 15 Machi 2015

Dada Goreth,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Februari niliteleza kwenye barafu mlangoni pa ghala, bega likateguka, nikakaa nyumbani siku kumi na mbili nikiangalia ukuta. Sasa limerudi mahali pake, nanyanyua kama zamani, ila polepole.

Ni kweli nilikamua. Nilikamua kwa nguvu zote, na nikaona raha, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikifanya alichofanya mama. Mzee Mwingereza alipoiona picha niliyopiga aliniomba nisimwonyeshe tena. Safari hii niliizuia mikono. Nikaiacha shayiri ijichuje yenyewe, maji ya moto bila kuchemka, kidogo kidogo, nimekaa kwenye kiti changu cha jikoni na bega limefungwa. Hopsi nyingine nikaziongeza mwishoni moto ukishazimwa, kwa ajili ya harufu. Mzee aliionja ikiwa bado ndooni. Alinyoosha gilasi aongezewe.

Dada, nilikudanganya. Si pombe tu. Tangu mwanzo ni ya matanga. Nilitaka kwanza iwe nzuri, ili ukikataa uwe umenikataa mimi na siyo ladha. Sasa nimesema. Nakuomba unikubalie niilete, kitambaa kile kikutoke kichwani.

Hilo neno la mama silidai. Nalifikiria kila siku nikiwa kazini, lakini silidai.

Athanasi


Buffalo, 19 Aprili 2015

Athanasi,

Pasaka ilikuwa nzuri. Theluji imebaki vilima vyeusi pembeni mwa maegesho tu.

Nimekusoma. Kuhusu matanga sijibu leo, kwa sababu nina jambo lingine linaloniwasha.

Pombe yako ya tatu karibu iwe pombe ya kweli. Rangi inang'aa. Mwanzo kuna kimea, kama ukoko wa mkate, halafu uchungu unapanda taratibu na kukaa, na unakufanya utake funda la pili. Hiyo ndiyo kazi ya uchungu, na safari hii umeupatia. Halafu mwishoni linakuja lile boksi lililolowa, na kila kitu kinazeeka mdomoni mwangu. Haina uhai, imelala. Pombe iliyopikwa hivi haizeeki hivi. Kwa hiyo kosa haliko jikoni kwako. Liko njiani.

Chupa zilikuwa zimepungua tena. Basi Zéphyrin alipokuja nilimuuliza usoni, mbele ya Adriano: wewe ndiye unayezifungua na kunywa? Alikuwa ameshika kijiko. Alikiweka chini. Akasema, "Dada Goreth, mimi nimeokoka tangu kambini, sinywi hata soda kwenye harusi. Na hicho sicho nilichombebea ndugu yako." Akaacha chakula, akaondoka. Amemwambia Adriano habebi tena chupa wala barua, ndiyo maana hii inakuja kwa posta.

Sijui alitaka kusema nini na maneno yale. Lakini kama si yeye, ni nani?

Goreth


Louisville, 3 Mei 2015

Dada Goreth,

Shikamoo.

Ni mimi.

Nilijua ulipouliza mara ya kwanza, na nikanyamaza kwa aibu. Sasa umemtukana mtu asiye na kosa, sina tena pa kujificha.

Unajua desturi yetu. Anayetoa pombe anakunywa kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Mama hakumpa mtu kata kabla hajaitia mdomoni mwenyewe. Na wewe ulikuwa huna sababu hata moja ya kuniamini. Ningekutumiaje chupa iliyofungwa, kama mtu wa dukani? Nikaona haifai. Kwa hiyo kila mara, siku moja kabla Zéphyrin hajapita, nilizifungua zote sita, nikanywa funda moja kutoka kila chupa, nikasema jina lako, nikazifunga upya kwa vizibo vipya. Nilijiambia ni kama umeniona.

Nimemweleza mzee Mwingereza. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Anasema ukifungua chupa gesi inatoka na hewa inaingia, na wiki mbili za hewa zinatosha kuiua pombe yoyote. Boksi lako lililolowa ni hewa. Nimepika vizuri mara ya tatu, halafu nimeiharibu kwa heshima.

Na lililobaki. Mama alipofariki uliambiwa nilikosa ruhusa kazini. Ruhusa nilipewa, siku nne. Nilipanda basi na suti nyeusi kwenye mfuko wa plastiki, nikafika Columbus. Zéphyrin alikuja kunichukua kituoni anipeleke Buffalo kwa gari lake. Nililala kwake, pale nyuma ya Morse Road. Asubuhi aliwasha gari, mimi nikashindwa kusimama. Nilimfikiria mama ndani ya basi lile la mwaka 2010, ameshika mfuko wake magotini, ananiuliza, "Ni miezi miwili, siyo?" Nikamjibu ndiyo huku najua si kweli. Nilikuwa nimechoka, dada. Alikuwa akisahau jiko la gesi linawaka, mimi niko kazini, na kila siku niliogopa kukuta nyumba imeungua. Nilitaka kulala tu. Huo ndio ukweli wote. Nilikaa kwa Zéphyrin siku mbili bila kuvua koti, mkamzika, nikarudi Louisville.

Zéphyrin aliniahidi hatasema. Mwaka mzima na zaidi ameficha aibu yangu na kula maharage yako kimya, akidhani kwamba siku moja nitaandika mwenyewe. Hicho ndicho alichokuwa akinibebea. Mwombe radhi, hata kama mimi hunisamehe.

Athanasi


Buffalo, 14 Juni 2015

Mdogo wangu Athanasi,

Marahaba.

Ulinipigia shikamoo barua nne na sikuitikia hata moja. Sikusahau. Nilikuwa naruka mstari ule makusudi, na kila mara nilijisikia vibaya, na nikaendelea.

Nilimpigia Zéphyrin simu. Nilimwomba radhi, akauliza maharage yale nilitia nini. Amekuja juzi, amekula sahani mbili. Mambo yamekwisha.

Barua yako nimeisoma kiwandani wakati wa chai, nikasimama nayo mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa. Sikumbuki nilimjibu nini. Mimi dada yako nimekuwa nikikuhesabia kosa la kutokuja, kumbe ulikuwa umefika katikati. Sijui kama hilo linapunguza kitu. Linaniumiza zaidi, kwa kweli, kwa sababu ningekupigia simu siku ile ungeweza kuinuka. Namba yako nilikuwa nayo. Sikutaka.

Sasa lile neno. Ilikuwa Jumatano, siku nne kabla. Mama alikuwa na akili zake zote siku hiyo. Alisema hivi: "Athanasi akija, msimuulize alikuwa wapi. Mpeni kiti." Hakuongeza. Nimekaa na maneno hayo mwaka mmoja na nusu kama mtu aliyekalia barua ya mwenzake. Nilitaka uumie kwanza. Umeumia, na mimi sikupona kwa hilo hata kidogo, nimechoka zaidi tu. Nisamehe.

Kuhusu pombe, nakuambia kama ulimi wa mama. Pika ile ile ya tatu. Usibadilishe kimea, usibadilishe hopsi, mikono yako iache mfukoni. Ijaze chupa mpaka shingoni. Ukishaifunga, usifungue hata moja, si kwa heshima, si kwa jina langu, si kwa sababu yoyote. Funda lako la kwanza silitaki likitoka Louisville. Nalitaka hapa, mezani kwangu, mbele ya macho yangu na ya watu waliomzika mama. Ufungue, umimine, unywe, halafu unipe mimi. Hakuna njia nyingine ya kuirekebisha pombe hii, nimeifikiria sana.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nimeshamwambia padri, na waliokuwa wakiniuliza lini nimewajibu.

Dada yako,
Goreth


Louisville, 26 Julai 2015

Dada,

Shikamoo. Msalimu shemeji.

Chupa ni ishirini na nne, zimejaa mpaka shingoni, na sijaonja hata tone. Naogopa. Inawezekana ni mbaya, na nitalijua hilo wakati mmoja na wewe, mbele ya watu wote. Mzee Mwingereza anasema hiyo ndiyo hofu ya kila mpishi wa pombe, lakini yeye hajawahi kumpikia mama yake matanga.

Ruhusa nimepewa, siku nne tena. Suti nimeitoa kwenye ule mfuko wa plastiki, inanibana kidogo mabegani.

Zéphyrin ananichukua Alhamisi. Anasema Columbus ni lazima tulale, dereva haruhusiwi kuunganisha safari bila kupumzika. Nimemwomba usiku huo afunge mlango wa nyumba, ufunguo akae nao yeye mfukoni, na asubuhi asiniulize kitu, aniinue tu kwa mkono na kunitia garini. Amekubali.

Kiti chochote kitanitosha.

Mdogo wako,
Athanasi